Sidii Hai Yenye Milango Miwili: Namna ya Kuiunda na Kuifundishia katika Shule ya Msingi

Mwalimu mwanachuo anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Mbeya na Iringa hana budi kutarajia moja ya hali mbili. Ama shule haina kompyuta hata moja, ama inazo chache, na ile iliyo nzima kuliko zote imo ofisini mwa mwalimu mkuu. Kompyuta hiyo ya ofisini imebeba majina ya wanafunzi, mahudhurio yao, alama za mitihani ya majaribio, na orodha za watahiniwa. Hali hii ya pili ndiyo inayotushughulisha katika makala haya, kwa sababu mwalimu kijana aliyejifunza TEHAMA chuoni hupokelewa shuleni kama fundi. Atakabidhiwa mashine iliyogoma na kuambiwa aitengeneze. Akikosea kubonyeza mahali pamoja tu, orodha za watoto zitapotea, na watakaolipa gharama ya kosa hilo ni watoto wenyewe.

Chombo tunachotaka kukieleza ni sidii hai inayoweza pia kusakinisha mfumo wa uendeshaji. Mfumo wa uendeshaji ni ile programu kuu inayoiwezesha kompyuta kupokea amri za mtu na kuziongoza programu nyingine zote. Windows ni mmojawapo, na Linux ni mwingine. Kwa desturi mfumo huu hukaa katika hadi diski ndani ya mashine. Sidii hai huubeba mfumo mzima nje ya mashine. Kompyuta ikiwashwa kwa diski hiyo, dawati hutokea, programu hufunguka, mtu huandika na kuchora, na muda wote huo hadi diski imelala bila kuguswa. Huo ndio mlango wa kwanza, yaani kujaribu. Mlango wa pili ni kusakinisha, yaani kuuhamisha mfumo huo uingie katika hadi diski na kukaa humo daima.

Tunaendelea kuiita sidii kwa mazoea. Sidii ya kawaida hubeba megabaiti 700 tu, na mfumo wenye dawati kamili aghalabu hauenei tena humo. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na flashi, ambayo pia husomwa haraka zaidi. Hata hivyo, shuleni kungali na mashine za zamani zenye mlango wa sidii au dividii na ambazo hukataa kuwaka kwa flashi. Mwanachuo asidharau jina la zamani.

Ulikotoka ufundi huu

Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, mojawapo ya sidii hai za mwanzo kupata umaarufu. Alizikandamiza gigabaiti zipatazo 2 za programu mpaka zikaenea katika diski moja. Miaka minne baadaye ilizaliwa Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo halihitaji kutafsiriwa kwa msomaji wa Rungwe, ambaye kwao mtu ni umundu. Kwa Kiswahili tungesema utu. Hapo mwanzo Ubuntu iligawiwa kwa diski mbili tofauti, moja ya kujaribu na nyingine ya kusakinisha. Toleo la 6.06 la Juni 2006 ndilo lililoiunganisha milango hiyo miwili katika diski moja. Waundaji walikuwa wamegundua jambo ambalo mwalimu yeyote angewaambia: mtu akishakijaribu kitu kwa mikono yake na kikamridhisha, hapendi kuambiwa atafute diski nyingine.

Nchini kwetu juhudi za kuufanya ufundi huu uongee Kiswahili zilianza mapema. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliosaidiwa na shirika la Sida la Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, Desemba 2004. Mjini Iringa, Chuo cha Tumaini, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianza mwaka 2007 kufundisha shahada ya teknolojia ya habari kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Finland. Mafunzo hayo yalikusudiwa kuyatazama mazingira ya hapa kwanza: umeme unaokatika, vumbi, mashine zilizokwisha kutumika kwingine, na intaneti ya shida. Mazingira hayo ndiyo yanayoipa sidii hai thamani yake.

Sababu nyingine ni ya majuzi. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuiangalia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, na mashine nyingi zilizokuwa zikiitumia hazina sifa za kupokea Windows 11. Mashine hizo si mbovu. Zinahitaji mfumo mwepesi, ambao leseni yake inaruhusu kunakiliwa na kugawiwa shule hadi shule bila malipo na bila wizi.

Jinsi inavyofanya kazi

Kabla ya kuunda, mwanachuo na aelewe. Mfano tunaoupenda chuoni ni wa ramani na karatasi ya kunakilia. Tandika ramani ya Tanzania mezani, kisha weka juu yake karatasi nyepesi inayopitisha mwanga. Mwanafunzi akichora reli ya TAZARA kutoka Mbeya kwenda Makambako, mstari utaonekana kana kwamba umo katika ramani. Ukiiondoa karatasi, ramani ni safi kama ilivyokuwa. Katika sidii hai, ramani ni faili moja kubwa lililokandamizwa, ambalo husomwa tu wala haliandikwi. Karatasi ni sehemu ya kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambayo hufutika umeme unapozimwa. Kila kitu mtumiaji anachokibadilisha hukaa juu ya karatasi.

Ndiyo sababu umeme ukikatika ghafla sidii hai haiharibiki. Kazi ambayo haikuhifadhiwa kwingine hupotea, lakini mfumo wenyewe huwaka tena ukiwa mzima, hata ukatike mara tatu kwa kipindi kimoja. Mfumo uliosakinishwa hauna kinga hiyo, maana wakati wote unaandika katika hadi diski.

Kusakinisha nako tunakufananisha na kitalu cha miche, mfano unaoeleweka upesi Mufindi kwenye misitu ya Sao Hill na mashamba ya chai. Mche wa kitaluni ni mche ule ule utakaosimama shambani. Programu ya kusakinisha huligawa shamba, ndiyo hadi diski, katika sehemu. Hulifungua lile faili kubwa na kulimimina katika sehemu iliyotengwa. Humwandikia mtumiaji jina na neno la siri. Na mwisho huweka kiwashio mwanzoni mwa diski ili mashine ijue pa kuanzia. Mfano huu una upungufu mmoja ambao mwalimu asiufiche: mkulima huliona shamba kabla ya kulilima. Programu ya kusakinisha huweza kulima shamba lenye mazao ya mwenzio bila kuguta.

Kuiunda

Tunatumia Debian, kwa kuwa ni mfumo ambao Ubuntu yenyewe imejengwa juu yake, na kwa kuwa chombo chake cha kuundia, kiitwacho live-build, hakidai ustadi mkubwa. Kinachotakiwa ni kompyuta moja yenye Debian, nafasi ya kutosha katika diski, na intaneti ya kuaminika kwa siku moja. Kazi hii ifanyike chuoni au mjini, isingoje kufika kijijini. Vifurushi vilivyokwisha kushushwa hubaki katika folda iitwayo cache, hata ujenzi wa mara ya pili huwa mwepesi.

Kwanza kisakinishe chombo, kisha tengeneza folda tupu, ingia ndani yake, na utoe amri ya kupanga:

sudo apt install live-build
mkdir sidii-shule
cd sidii-shule
lb config -d bookworm --debian-installer live --archive-areas "main non-free-firmware"

Neno bookworm ni jina la Debian 12 ya Juni 2023. Tumelichagua kwa ajili ya mashine kuukuu za biti 32, ambazo Debian 13 ya Agosti 2025 haizitolei tena kiini wala programu ya kusakinisha. Kwa mashine hizo ongeza -a i386 katika amri hiyo. Maneno --debian-installer live ndiyo yanayofungua mlango wa pili. Sehemu ya mwisho huleta programu ndogo ambazo bila hizo kadi nyingi za mtandao usiotumia waya hukaa kimya.

Pili, andika orodha ya programu unazozitaka katika faili config/package-lists/shule.list.chroot. Hapa mwanachuo ajizuie. Tumeona orodha zilizojazwa kila kitu, na diski zilizotokana nazo zilikuwa nzito kuwaka na ngumu kufundishia. Kwa shule ya msingi yatosha dawati jepesi na programu tano:

task-lxde-desktop
libreoffice-writer
libreoffice-calc
tuxpaint
tuxmath
gcompris-qt

Tatu ni hatua ambayo humfanya mwalimu kuwa mwalimu, si fundi tu. Faili lolote utakaloliweka chini ya config/includes.chroot litatokea katika mfumo mahali pale pale. Tengeneza folda config/includes.chroot/etc/skel/Masomo, uweke humo maandalio yako, michoro ya sayansi, hadithi za kusoma ulizoandika mwenyewe kwa Kiswahili, na majedwali ya hesabu. Kila kilichomo katika skel hunakiliwa nyumbani kwa mtumiaji mpya. Kwa hiyo folda ya Masomo itaonekana katika folda ya nyumbani mtu akiingia kwa mlango wa kwanza, na itaonekana vile vile akiingia kwa mlango wa pili. Shule isiyo na intaneti inapokea maktaba ndogo pamoja na mfumo. Programu nyingi zingali zinatoa ujumbe wa Kiingereza, na hapa karatasi moja ya maelezo ya Kiswahili, yenye maneno kumi au kumi na mawili ya skrini na maana zake, ni zana bora kuliko kungoja tafsiri kamili.

Nne, toa amri ya kujenga, uende ukaendelee na shughuli nyingine, maana hushusha vifurushi vingi:

sudo lb build

Ikimalizika utapata faili lenye jina kama live-image-amd64.hybrid.iso. Neno hybrid maana yake faili hilo hilo laweza kuchomwa katika dividii au kuandikwa katika flashi. Kabla ya kuandika katika flashi, toa amri lsblk, usome ukubwa wa kila diski, uihakikishe ipi ni flashi. Ikiwa ni sdb, basi:

sudo dd if=live-image-amd64.hybrid.iso of=/dev/sdb bs=4M status=progress

Amri hii haiulizi swali lolote. Kati ya sdb na sda kuna herufi moja, na katika mashine nyingi sda ni hadi diski yenyewe. Tunawataka wanachuo wetu waisome amri hiyo kwa sauti, mwenzao akisikiliza, kabla ya kubonyeza. Wengine huliona jambo hili kuwa la kitoto. Nasi tunaendelea kulidai.

Swali lisilojibiwa na mashine

Debian huruhusu majibu ya programu ya kusakinisha yaandikwe mapema katika faili config/includes.installer/preseed.cfg, ili mashine isiulize lugha, saa za mahali, wala aina ya kibodi. Kwa mwalimu mwenye mashine kumi za kusakinisha, hii ni nafuu kubwa, nasi tunaipendekeza. Lakini swali la kuigawa na kuifuta hadi diski lisiandikiwe jibu kamwe. Wako wanaolijibu mapema ili kuokoa dakika mbili. Diski ya namna hiyo ikiachwa mezani, na mtoto akaiwasha kwa mlango wa pili, itafuta kila kitu bila mtu kuulizwa.

Hofu hii ina msingi. Katika shule moja ya nyanda hizi, ambayo hatutaitaja, kijana aliyeitwa kuifanya upya kompyuta ya ofisini, kazi ambayo mafundi wa mjini huiita kupiga window, alichagua kuitumia diski yote. Mfumo mpya ulikaa vizuri kabisa. Orodha za wanafunzi hazikuwapo tena, na nakala haikuwapo popote. Walimu walirudi kwenye madaftari ya mahudhurio na kuandika upya jina baada ya jina, wiki ambayo watoto walipaswa kuwa wanafundishwa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba diski ile ile ingeweza kuokoa kila kitu. Windows inapogoma kuwaka, mara nyingi mafaili yenyewe ni mazima. Iwashe mashine kwa mlango wa kwanza, ifungue hadi diski kwa kusoma, nakili mafaili ya ofisi katika flashi nyingine, ifungue flashi hiyo katika kompyuta ya pili, na mwalimu mkuu ayaone kwa macho yake. Ndipo mlango wa pili uzungumzwe. Tunashauri mwalimu mkuu aweke sahihi katika karatasi kwamba ameziona nakala, si kwa kutomwamini mtu, bali kwa kuwa sahihi humfanya msomaji asome.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya ufundi hulipita haraka. Diski inayoweza kuokoa mafaili ya ofisini inaweza pia kuyasoma bila neno la siri la Windows, isipokuwa diski ya mashine imefungwa kwa maandishi ya siri. Alama za watoto na habari za familia zao zimo humo. Mwanachuo asiifungue hadi diski ya mashine ya ofisi bila mwenyewe kuwapo. Vile vile asiwaambie wanafunzi kwamba sidii hai haiwezi kudhuru. Haidhuru mpaka mtu aifungue hadi diski kwa makusudi na kufuta kilichomo. Hapo hudhuru sawasawa na mfumo mwingine wowote.

Kuifundisha darasani

Somo tutakalolieleza limekusudiwa Darasa la Tano, vipindi viwili vya dakika 40. Zana ni kompyuta moja au zaidi, flashi yenye sidii hai, ramani, na karatasi ya kunakilia. Ikiwa kompyuta ni moja na watoto ni sitini, waketi kwa makundi, kila kundi litoe mtendaji mmoja na mwandishi mmoja, na wengine watabiri.

Mwalimu aanze kwa tendo, si kwa maana ya maneno. Mtendaji aandike jina la kundi lake, alihifadhi mezani kwa faili, wote walione. Kisha mwalimu aulize: tukiizima na kuiwasha tena, jina litakuwapo? Kila kundi liandike utabiri wake na sababu. Mashine izimwe, iwashwe tena kwa flashi. Jina halipo. Usikimbilie kueleza. Watoto watasema kompyuta imeiba, au flashi imejaa, au mwenzao hakuhifadhi vizuri. Yaandike majibu yote ubaoni, kisha ilete ramani na karatasi, uwaachie wao wenyewe waseme ni nini kinachofanana na nini. Kundi moja likishaona kwamba jina lilikuwa juu ya karatasi, somo limefika zaidi ya nusu.

Kipindi cha pili kinahitaji mashine ambayo imekwisha kusakinishwa mfumo ule ule, si mashine itakayosakinishwa mbele ya watoto. Jaribio lirudiwe: andika, hifadhi, zima, washa. Jina lipo. Sasa watoto wana matukio mawili yanayopingana kutoka dawati linalofanana kabisa, na swali lao litakuwa la kweli: kwa nini? Hapo mfano wa kitalu na shamba ndipo pake. Mwalimu anayetangulia kutoa mfano kabla ya swali kuwapo hupoteza kitu ambacho hakitarudi katika kipindi hicho.

Tathmini isiwe ya kukariri majina ya sehemu. Uliza hivi: umeme umekatika wakati Neema anaandika insha katika sidii hai, nini kimepotea na nini kimebaki? Mtoto anayejibu kwamba insha imepotea lakini mfumo ni mzima, na akaongeza kwamba Neema angehifadhi insha katika flashi nyingine, ameelewa.

Kabla ya kwenda mazoezini

Kila mwanachuo aunde diski zake chuoni, wala asichukue ya mwenzake. Azijaribu katika mashine tatu za aina tofauti na kuandika katika daftari ni kitufe gani huileta orodha ya kuwashia, kwani mashine moja hutaka F12, nyingine F9, nyingine Esc. Aandike pia kiasi cha kumbukumbu ya muda na kama mashine ni ya biti 32 au 64. Mashine iliyosahau tarehe mara nyingi imekwisha betri ile ndogo ya duara iliyo ubaoni. Betri hiyo hupatikana katika maduka ya saa, na tarehe isiyo sahihi huweza kuizuia Debian isipokee vifurushi vipya.

Diski ziwe mbili. Ya wanafunzi ijengwe upya kwa kubadilisha neno live kuwa none baada ya --debian-installer, ili ibaki na mlango mmoja tu wa kujaribu. Yenye milango miwili iwekewe utepe mwekundu, jina la mwalimu na tarehe ilipoundwa. Ikae mfukoni mwa mwalimu, au katika kabati la ofisi lenye kufuli, mpaka siku nakala za ofisini zitakapokuwa zimeonekana na kutiwa sahihi.